Historia ya Gaddafi kwenye simu zetu: kwa nini haiishi kusambaa, na ipi ya kuamini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva bodaboda hapa Morogoro. Nina mdogo wangu yuko kidato cha sita, kila usiku anasikiliza simulizi za maisha ya Gaddafi, yule aliyekuwa kiongozi wa Libya, kwenye simu na picha yake kaiweka kwenye profaili. Mi mwenyewe zinanigusa, kuna siku nililengwa na machozi. Ila baba yetu mkubwa alipigana vita ya Kagera, akisikia hilo jina ananyanyuka anatoka nje bila kusema kitu. Naomba unieleze kwa nini historia ya huyu mtu inapendwa hivi miaka yote hii na ya viongozi wengine wa Afrika Kaskazini hamna anayeijua, na je yale ya umeme bure na dola elfu 50 za harusi ni ya kweli? Alafu msikiti wa Dodoma ni yeye kweli aliujenga?

JIBU: Marahaba mwanangu, na baba mkubwa mpe salamu zangu za heshima. Nimefundisha historia ya Afrika zaidi ya miaka ishirini na hilo jina ndio naulizwa kuliko majina yote, kuliko Nkrumah, wakati mwingine kuliko hata Nyerere, na anayeuliza mara nyingi ni kijana ambaye Gaddafi anauawa mwaka 2011 ye alikuwa bado anacheza makida mtaani. Kwa hiyo karibu kila anachokijua amekipata kwenye simu.

Nikupe kitu nilichokiona mwenyewe. Juzi kati nilikuwa kwenye basi la Dodoma, vijana wawili siti ya mbele yangu wanagawana hedifoni, mmoja sikio la kushoto mwingine la kulia, na sauti walivyoiongeza hata mi nilikuwa nasikia. Msimuliaji ana sauti nzito, muziki wa huzuni unapita chini yake, anaanza na mtoto wa mfugaji amezaliwa kwenye hema huko jangwani karibu na Sirte mwaka 1942, anatembea, anasoma, anafukuzwa shule Sabha kwa sababu ya siasa, anaingia jeshini. Tunafika Gairo, watu wanashuka kununua mahindi, na wale vijana mahindi yao wameyashika tu mkononi hawayali maana msimuliaji ndio alikuwa amefika tarehe 20 Oktoba 2011, msafara umepigwa na ndege za NATO, ule muungano wa majeshi ya Marekani na Ulaya, mzee amejificha kwenye kalavati, anatolewa. Mmoja akavua hedifoni akatazama nje muda mrefu. Mi nikasema moyoni hapa kuna kitu na sio kitu cha kudharau.

Sasa kwa nini yeye. Kwanza lazima ujue hii sio mara ya kwanza maisha ya mwanasiasa wa Afrika Kaskazini kupendwa sana na watu wa Kiswahili. Muulize mzee yeyote wa Unguja au Mombasa habari za Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri. Radio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, watu wanakaa barazani na redio moja wanasikiliza Misri inavyowasema wakoloni, na Nasser alipotaifisha mfereji wa Suez Julai 1956 huku kwetu habari ilifika kwa lugha yetu wenyewe, ikiwa ya moto. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa kazi ya serikali, Misri ilikuwa inalipa watangazaji na mitambo. Ya Gaddafi inasambazwa na vijana wenyewe, kila mmoja na simu yake, wengine kwa mapenzi na wengine kwa sababu video inayotazamwa sana inaingiza hela, na msimuliaji akiona sehemu ya kwanza imetazamwa sana lazima atoe ya pili na ya tatu, na hapo ndipo chumvi inaanzia kwa sababu maisha ya mtu yana mwisho ila video zinatakiwa kila wiki.

Pili ni muundo wa maisha yenyewe. Ofisa wa jeshi wa miaka 27 anachukua nchi tarehe 1 Septemba 1969, mfalme Idris yuko Uturuki kwa matibabu, damu haikumwagika ya maana. Mwaka unaofuata Waingereza wamefunga kambi zao, Wamarekani wameondoka kambi ya Wheelus pale Tripoli, Waitaliano walowezi wamefukuzwa. Anayabana makampuni ya mafuta bei inapanda, na nchi nyingine zenye mafuta zikaona kumbe inawezekana. Haya yote ni kweli kabisa na ni makubwa, hayahitaji kuongezewa kitu. Alafu anatawala miaka 42 na anakufa kwenye mji wa kwao, na kifo kinarekodiwa na simu za watu wa kawaida waliokuwa wamemzunguka. Habib Bourguiba wa Tunisia aliondolewa 1987 na waziri wake mkuu kwa cheti cha madaktari, akafa kwa uzee mwaka 2000. Nasser alikufa kwa moyo. Hakuna atakayeacha kula mahindi kwa ajili ya cheti cha daktari.

Ila sababu ambayo mi naiona ndio kubwa kuliko zote iko kwa msikilizaji. Kijana anasikia Libya umeme ulikuwa bure huku luku yake imebaki uniti tatu. Anasikia ukitaka kuoa serikali inakupa hela huku ye mahari imemshinda mwaka wa pili. Anasikia dawa bure huku mama yake kaandikiwa dawa hospitali kaambiwa akanunue nje. Sasa unafikiri hapo atatafuta ushahidi? Ile orodha inamwelezea maisha ambayo angestahili kuyaishi, na inamwambia palikuwepo Mwafrika aliyeyatoa na wazungu wakamuua kwa sababu hiyo. Mi siwezi kumcheka mtu kwa kuumizwa na hilo.

Na kila inapotaka kupoa kuna jambo linaiwasha upya. Novemba 2017 CNN walionyesha Waafrika weusi wanapigwa mnada Libya, watu wakasema enzi zake isingewezekana. Septemba 2023 mabwawa ya mji wa Derna huko Libya yakapasuka usiku yakabeba maelfu ya watu, watu wakasema tena. Septemba 2025 mahakama ya Paris ikamtia Nicolas Sarkozy, rais wa zamani wa Ufaransa, hatiani kwa kosa la kula njama katika ile kesi ya kutafuta pesa za Libya kwa ajili ya kampeni yake ya urais ya 2007, ikamfutia mashtaka mengine, akakata rufaa, na Oktoba akaingia gerezani kwa wiki kama tatu kabla ya kuachiwa asubiri rufaa. Rais huyohuyo ambaye ndege zake zilikuwa za kwanza kupiga Libya Machi 2011! Hapo hata mi nilipokea simulizi za Gaddafi kutoka kwa watu ambao huwa wananitumia matangazo ya misiba tu.

Haya tuje kwenye ukweli wenyewe, na hapa naomba unisome taratibu.

Umeme haukuwa bure. Kulikuwa na shirika la umeme la serikali na lilikuwa na bei zake kwa uniti, ila bei ilikuwa ya chini sana kwa sababu serikali inabeba gharama, na wananchi wengi walikuwa hawalipi bili na hawakatiwi. Kwa mtu wa kawaida inakuwa kama bure, naelewa neno lilivyotoka huko. Matibabu na shule bure ni kweli, mpaka chuo kikuu, na wanafunzi wengi walisomeshwa nje kwa pesa ya serikali. Petroli ya bei rahisi ni kweli, na cha ajabu simulizi hazisemi kwamba mpaka leo Libya iko kati ya nchi zenye petroli rahisi kuliko zote duniani, Gaddafi hayupo miaka mingi. Mikopo ya nyumba ya masharti nafuu ilikuwepo. Dola elfu 50 kwa kila harusi, hapana, hakukuwa na mpango wa kumpa kila bwana harusi hela hiyo. Wasiojua kusoma kupungua sana ni kweli, na kwenye ripoti ya maendeleo ya watu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 Libya ilikuwa ya 53 duniani na ya kwanza kwa Afrika katika nchi zilizopimwa. Ule mto mkubwa wa kutengenezwa, maji ya chini ya jangwa yanasafirishwa kwa mabomba makubwa mpaka Benghazi na Tripoli, ni kweli na ni kazi ya kujivunia, ulianza kujengwa 1984 na Tripoli ikapata maji 1996.

Sasa chukua kikokotoo cha simu yako. Mwaka 2010 Libya ilikuwa inatoa kama mapipa milioni 1.6 ya mafuta kwa siku, na watu wote wa nchi ni kama milioni 6. Gawanya. Kila mtu, na mtoto mchanga akiwemo, ana zaidi ya robo pipa kwa siku. Pipa mwaka ule lilikuwa kwenye dola 80, kwa hiyo ni dola 20 hivi kwa kichwa kila siku inayopambazuka, hiyo ni thamani ya mafuta hujatoa gharama. Sisi Tanzania sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61 na ushee, na hatuna mafuta hayo. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini Gaddafi aliweza na wa kwetu wakashindwa, anza na hesabu hiyo. Na swali linalofuata nalo ni la haki, kwamba kwa pesa yote hiyo na watu wachache hivyo kwa nini vijana wa Benghazi walikuwa hawana kazi.

Kuna hili la dinari ya dhahabu. Simulizi karibu zote zinaishia hapo, kwamba aliuawa kwa sababu alitaka kuleta sarafu ya dhahabu ya Afrika nzima. Chanzo chake kikubwa ni barua pepe ya Aprili 2011 ambayo Sidney Blumenthal alimwandikia Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, ikatolewa hadharani na serikali ya Marekani mwisho wa 2015. Barua ni ya kweli, ipo, na inataja tani 143 za dhahabu na sababu za Ufaransa kuingia vitani. Ila Blumenthal alikuwa mtu binafsi anapitisha tetesi alizosikia, na tetesi haigeuki kuwa ushahidi kwa sababu imeandikwa kwenda kwa mtu mkubwa. Dhahabu ilikuwepo benki kuu ya Libya, hilo halina ubishi. Benki kuu ya Afrika ilikuwa kwenye mipango ya Umoja wa Afrika kwa miaka mingi na makao yake yalipangwa Nigeria, benki ya uwekezaji ndio ilipangwa Tripoli. Satelaiti ya mawasiliano ya Afrika, RASCOM, nayo ni kweli, ilirushwa Desemba 2007, Libya ndio mwekezaji mkubwa. Na tukiongelea uwekezaji, hata hapa jirani aliacha alama, Uganda Telecom na Rwandatel zilikuwa chini ya pesa ya Libya, na Nairobi watu walijaza mafuta OiLibya miaka mingi tu bila kufikiria jina lile limetoka wapi.

Alafu yale ya hema. Wanasema alikataa kuishi kwenye nyumba mpaka kila Mlibya apate yake. Hema alikuwa nalo kweli na alisafiri nalo mpaka Ulaya. Ila Agosti 2011 Tripoli ilipoanguka waandishi wa habari waliingia kwenye nyumba za familia, na kwa binti yake Aisha wakapiga picha kochi la rangi ya dhahabu lenye umbo la nguva na uso wa Aisha mwenyewe. Mwonyeshe mdogo wako ile picha, usimwambie kitu, mwonyeshe tu.

Kinachoniuma mimi kama mwalimu ni yale yasiyosimuliwa, na nayaweka hapa kwa sababu waliokufa nao wana historia. Aprili 1977 wanafunzi walinyongwa hadharani Benghazi. Tarehe 29 Juni 1996 gereza la Abu Salim pale Tripoli wafungwa waligoma kudai chakula na matibabu bora, wakatolewa kwenye nyua na kupigwa risasi, wanakadiriwa 1,200. Familia ziliendelea kupeleka nguo na chakula gerezani kwa miaka bila kuambiwa kwamba mtu wao hayupo. Hebu fikiria mama anapika Ijumaa, anafunga, anapanda gari, anakabidhi getini, chakula kinapokelewa. Na ni hizo familia za Abu Salim, wakili wao alipokamatwa Benghazi katikati ya Februari 2011, ndio walitoka barabarani wa kwanza. Mapinduzi ya Libya yalianzia kwa mama hao kabla ndege ya NATO hata moja haijaruka. Simulizi hazina dakika hata moja ya hao mama, nenda kasikilize tena uone.

Na Uafrika wake tuutazame wote. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilimbana kuanzia 1992 kwa sababu ya ndege ya abiria iliyolipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, mwaka 1988 watu 270 wakafa, Waarabu wenzake wakamwacha, na waliomsimamia walikuwa Waafrika. Mandela alikwenda Oktoba 1997 kwa barabara kutokea Tunisia maana ndege haziruhusiwi, na Juni 1998 viongozi wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, walikubaliana kule Ouagadougou kuacha kuvifuata vile vikwazo vya anga. Hapo ndipo alipogeukia kusini kweli kweli, na Azimio la Sirte la tarehe 9 Septemba 1999 ndio lililozaa Umoja wa Afrika tulionao, hilo nalimpa kwa mikono miwili. Lakini Agosti 2010 ni yeye huyohuyo alisimama Roma akaitaka Ulaya impe euro bilioni 5 kwa mwaka azuie wahamiaji, la sivyo Ulaya itageuka kuwa nyeusi. Sisi ndio tulikuwa kitisho chenyewe! Na mwaka 2000 wafanyakazi Waafrika weusi waliuawa mitaani Libya, akiwa madarakani, kwa hiyo mnada wa 2017 haukushuka kutoka mbinguni.

Kuna jingine vijana hawapendi kulisikia. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la tarehe 17 Machi 2011, lile lililofungua mlango wa mabomu, nchi tatu za Afrika zilikuwa kwenye meza, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon. Zote tatu zilipiga kura ya ndiyo. Jacob Zuma, rais wa Afrika Kusini wakati ule, alikwenda Tripoli mwezi uliofuata na ujumbe wa Umoja wa Afrika kutafuta suluhu, ila kura ilikuwa imeshapigwa. NATO ilipewa ruhusa ya kulinda raia ikaendelea mpaka utawala ukaanguka, hilo ni kosa kubwa na Libya inalilipia mpaka leo, nalisema bila kuuma maneno. Tusijitoe tu kwenye picha.

Sasa baba mkubwa wako. Hapa ndipo ningetaka mdogo wako aache simu kidogo. Mwaka 1979 Amin anazidiwa, Gaddafi alimtumia wanajeshi, vifaru na ndege. Ndege moja ya Libya ilitumwa kupiga Mwanza, ikakosa shabaha mabomu yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane yakaua swala. Usiku wa tarehe 10 Machi pale Lukaya, barabara ya kwenda Kampala, kulia kushoto kinamasi, majeshi yetu yalikutana uso kwa uso na Walibya na kikosi chetu kimoja kikarudishwa nyuma. Kesho yake brigedi nyingine ikazunguka ikawapiga kwa pembeni kwa msaada wa mizinga, na Walibya wanaokadiriwa mia mbili wakafa pale. Wengi walikuwa vijana wa mgambo, wengine wanasema waliambiwa wanakwenda mazoezini. Tulikamata mateka tukaja kuwaachia. Amin Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili alikimbilia wapi? Libya.

Hii ni historia ya Gaddafi pia, na ni sehemu inayotuhusu sisi kuliko zote, na kwenye simulizi za Kiswahili, lugha ya watu waliopigwa na hayo mabomu, mara nyingi haipo kwa sababu zimetafsiriwa kutoka kwa watu ambao Lukaya hawaijui. Baba mkubwa akitoka nje, mdogo wako amfuate. Asimbishie. Akae naye, amuulize alikuwa brigedi gani, usiku ule alikuwa wapi, wale mateka walikuwa na umri gani. Na akikubali kusimulia basi mrekodi, maana simu mnayo na wazee wa Kagera wanapungua.

Picha ya profaili usimlazimishe kuitoa, ataamua mwenyewe.

Kuhusu msikiti, ndiyo, wa Dodoma ulijengwa kwa pesa za Libya ukafunguliwa 2010, na ndio maana unaitwa kwa jina lake. Wa Kampala ule mkubwa wa juu ya kilima cha Old Kampala ni Amin aliyeuanzisha miaka ya sabini ukakwama, Gaddafi akaumalizia na akaja mwenyewe kuufungua Machi 2008. Tangu 2013 jina rasmi ni Msikiti wa Taifa wa Uganda, ila ukifika Kampala mwambie bodaboda akupeleke Gaddafi, atakufikisha.